Kikundi cha uzito kimenisaidia, lakini siri yangu imefika kwa mama mkwe

BARUA

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, nina mume na watoto watatu, naishi Tanga mjini. Kazi yangu ni mama lishe. Wateja wangu wengi ni mafundi, madereva wa bodaboda na wachuuzi wa sokoni. Naamka saa kumi alfajiri kukuna nazi na kuchoma vitumbua, na inapofika saa kumi jioni bado nimesimama. Nasema haya mapema kwa sababu watu wakimwona mtu mnene wanadhani ni mvivu. Mimi si mvivu.

Mwaka jana nilikwenda zahanati ya mtaa wetu kuchoma sindano yangu ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Nesi akanipima presha, ikasoma 148 kwa 94. Akaniambia nikae kwenye benchi nipumzike, akarudia, haikushuka. Uzito kilo 93, urefu sentimita 160. Kesho yake nikarudi kabla sijala kitu, sukari ikasoma 6.4. Akaniambia kisukari sijakipata ila naelekea huko, na kwamba wameanzisha kikundi cha watu wazima wenye uzito mkubwa, presha na sukari. Nikajiunga.

Dada, kile kikundi kilinifungua macho. Tunakutana Jumamosi jioni kwenye veranda ya ofisi ya serikali ya mtaa. Nesi anapima presha, afisa lishe wa halmashauri anakuja mara moja kwa mwezi, na siku nyingine tunaongozwa na mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Tukimaliza tunatembea kuelekea Raskazone. Siku ya kwanza afisa lishe aliniuliza nakula nini kutwa. Nikamjibu ukweli niliokuwa naujua: asubuhi chai, halafu chakula saa kumi jioni, basi. Hakubishana nami. Aliniomba nimweleze ninavyoonja. Nikaanza: upawa wa mchuzi wa samaki, kitumbua nusu kujua kama kimeiva, maharage kijiko hiki na kile, chai ya wateja nikionja sukari. Mchana nakwangua ukoko wa wali chini ya sufuria kwa sababu kuutupa naona dhambi. Na saa kumi nakula kilichobaki chote ili kisilale. Mwenyewe nilinyamaza. Nilikuwa nakula siku nzima na huku naamini nashinda na njaa.

Sasa nina kilo 88, na presha ya mwisho ilikuwa 136 kwa 86.

Tatizo ni hili. Yule mhudumu wa afya ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mama mmoja baba mmoja. Siku ya kupima, yeye ndiye anayesimama kwenye mizani na daftari. Anasoma kilo kwa sauti, wenzangu wanapiga makofi. Mwanzoni nilifurahi. Lakini siku ya Idi, nyumba imejaa ndugu, mama mkwe akanyanyua sahani yangu akasema mbele ya watu: "Huyu mpunguzieni, ana kilo themanini na nane na sukari inampanda." Nilitamani ardhi ipasuke. Na mama huyohuyo, siku za kawaida nikipika nyumbani kwa tui jepesi, analalamika kwamba namlisha chakula cha wagonjwa.

Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, nyumbani anakuja mara chache. Safari iliyopita aliniangalia akanyamaza kutwa nzima. Usiku akaniuliza: "Unaumwa nini usichoniambia?" Nikamweleza habari ya kikundi. Akasema watu wanamuuliza mkewe kapatwa na nini, na mke akikonda aibu ni ya mume. Akaniambia niache. Baba yao alianguka bafuni, akapooza upande mmoja, akakaa kitandani muda mrefu mpaka Mungu alipomchukua, kwa hiyo ugonjwa wanaujua. Sielewi kwa nini hili hawalielewi.

Mteja wangu mmoja anauza vidonge na chai ya kupunguza mwili. Anasema nitatoa kilo kumi kwa mwezi, nameza nyumbani kimyakimya, hakuna wa kunisomea kilo wala kunitangaza. Nimeshawishika. Magoti nayo yananisumbua, namezea diklofenaki ya duka la dawa karibu kila siku ya soko kubwa.

Niache kikundi nichukue vidonge? Au nivumilie? Nikimwambia wifi, nyumba itawaka moto. Nikinyamaza, ile mizani siwezi kuipanda tena.

Mama wa Watatu, Tanga


MAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole, na hongera pia. Barua yako imebeba vyote viwili, na nisingependa hongera imezwe na pole.

Nilivyokuelewa, kupunguza uzito umeanza kuweza. Kinachokuumiza ni kwamba huduma iliyokusaidia imekaa katikati ya ukoo wa mumeo: anayekupima ni wifi, anayetangaza ni mama mkwe, anayeulizwa njiani ni mume. Na mbele yako unaziona njia mbili tu, kuvumilia aibu au kujificha na vidonge. Tuzitazame, halafu uone mwenyewe kama ni mbili.

Nianze na hizo kilo tano, kwa sababu umezitaja kwa sentensi moja ukapita. Kwa urefu wako, kilo 88 bado ni uzito uliokithiri, sitakuficha. Lakini mwili wenye presha na sukari inayopanda haungoji mtu awe mwembamba ndipo upate nafuu. Ukipungua asilimia 5 tu ya uzito ulioanza nao, presha na sukari huanza kuonyesha tofauti, nawe hapo umeshapavuka. Marekani walifanya utafiti mkubwa uliotoa matokeo mwaka 2002. Walichukua watu wa aina yako, sukari imepanda lakini haijawa kisukari, wakawapa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Baada ya miaka mitatu hivi, hatari yao ya kupata kisukari ilikuwa chini kwa asilimia 58 kuliko ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Waliopewa metformini, dawa ya kushusha sukari, hatari yao ilishuka kwa asilimia 31. Kwako wewe asilimia 7 ni kilo sita na nusu. Imebaki kilo moja na nusu, mdogo wangu. Baadaye mpango ule ulitolewa hospitalini ukapelekwa mitaani, kwenye kumbi za chama cha kijamii cha YMCA, ukaongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Veranda yenu ya serikali ya mtaa ni ndugu wa kumbi zile.

Sasa vidonge. Naelewa kinachokuvuta, na sidhani ni zile kilo kumi. Ni ile ahadi kwamba hakuna atakayejua. Mtu aliyetangaziwa mwili wake siku ya Idi ana haki ya kuitamani siri. Lakini chai nyingi za kupunguza tumbo zina dawa ya kuharisha, kama majani ya sanamaki. Unapoteza maji na chumvi za mwili, mizani inashuka, mafuta yako palepale. Vidonge vinatisha zaidi. Iliwahi kuwapo dawa ya kupunguza uzito iitwayo sibutramini, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Hadi leo wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali huikuta imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Wewe una presha. Ukifikia kutaka kujaribu, walau nenda na pakiti yenyewe kwa nesi kabla ya kumeza, au uliza Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kama imesajiliwa. Zipo dawa halali za kupunguza uzito, zikiwemo sindano zinazozungumzwa sana siku hizi, lakini huandikwa na daktari, bei yake ni kubwa, na wengi wakiziacha uzito hurudi.

Turudi kwa wifi. Umeandika kana kwamba una hakika ni yeye aliyempelekea mama yake habari zako. Inawezekana. Lakini soma tena barua yako: kilo zinasomwa kwa sauti kwenye veranda, watu wanapiga makofi, barabara iko hapo mbele. Daftari analibeba mkononi, na huenda hulilaza nyumbani kwa mama yake. Simtetei. Siri ya mgonjwa ni siri, na anayeishika daftari ndiye mwenye dhamana nayo, awe wifi au mgeni. Nataka tu ukienda kuzungumza naye uende na swali, hukumu iache nyumbani, kwa sababu huenda kilichovuja kimevuja kwa sababu ya namna kikundi kinavyoendeshwa na wala si kwa ubaya wa mtu mmoja. Na mimi kupima watu uzito kwa sauti hadharani sikupendi hata kidogo, hata kama makofi yanapigwa kwa nia njema. Yule aliyeongezeka kilo mbili anapigiwa nini?

Tangu Serikali izindue Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii mwaka 2024, mkazo umekuwa mhudumu atoke kwenye jamii anayoihudumia. Faida yake umeiona: anajua nyumba, anajua chakula, anajua kwamba huwezi kuhudhuria mkutano wa asubuhi kwa sababu una chungu jikoni. Hasara yake pia umeionja. Kwenye mitaa yetu, anayekujua hivyo mara nyingi ni ndugu, jirani au mtu mnayecheza naye upatu. Kwa hiyo ombi la faragha haliwi dharau kwa wifi yako. Ni jambo ambalo kikundi chochote cha mtaani kinatakiwa kulifikiria.

Unaweza kuongea naye nyinyi wawili, mkiwa mnatembea kwa mfano, umwambie: "Siku ya Idi niliumia. Naomba kilo zangu nizisome mimi na wewe tu." Hatari ni ile uliyoitaja, kwamba atajisikia ameshtakiwa na mama atasikia. Unaweza badala yake kumwona nesi, au mganga mfawidhi wa zahanati, ukaomba upimwe pembeni na vipimo vyako viandikwe na nesi. Hapo humtaji mtu, unaomba utaratibu kwa wote. Ila wifi anaweza kuhisi umempitia juu, na kwenye ukoo hilo nalo lina bei yake. Unaweza kuacha Jumamosi na kubaki na kliniki tu. Utalinda siri, lakini utakosa wenzako wa kutembea nao, na sina hakika kama ungeukumbuka ule ukoko bila wao. Au utafute huduma kituo cha afya cha mbali kidogo. Tanga ni tambarare na wanawake wa huko baiskeli mnazijua, huenda nauli isiwe kikwazo, ingawa muda wako ni mfupi. Wewe ndiye unayeijua nyumba hiyo na moto wake.

Kuhusu mizani, muulize nesi kama mnaweza kuiweka kando kwa muda mkatumia futi ya fundi cherehani kiunoni. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 88 hatari ya moyo na kisukari inakuwa kubwa. Kikipungua, mafuta ya tumboni yanapungua, na namba hiyo hakuna wa kukupigia makofi wala kukutangazia.

Mumeo sasa. Unasema ugonjwa wanaujua kwa sababu ya baba yao, na huelewi kwa nini hili hawalielewi. Nimeirudia sentensi hiyo. Mwanaume aliyemwona baba yake amelala amepooza, anarudi safari anamkuta mkewe amepungua, swali lake la kwanza ni "unaumwa nini usichoniambia?" Wewe ulisikia lawama. Inawezekana ilikuwa hofu. Sisi tuliokuwa watu wazima miaka ya 1990 tuliona watu wakikonda kwa UKIMWI na tukawazika, na jicho la wengi bado linashtuka likiona shavu limeingia. Maneno ya aibu ya mume yalikuja baadaye, na huenda ni rahisi zaidi kwake kuyasema kuliko kusema naogopa. Naweza kuwa nimekosea, mume ni wako. Lakini ungemuuliza: "Uliponiona nimepungua, uliwaza nini?"

Kuna wanaowapeleka waume zao kliniki wakasikie kwa nesi. Kwako ina faida moja ya ziada: naye ni mtoto wa yule baba, na kazi yake ni kukaa kwenye usukani na kula njiani. Presha yake imepimwa lini? Hatari ni kwamba akihisi ametegewa atafunga masikio. Angalau asikutane kwanza na dada yake ameshika daftari. Na kama kuna jambo hukuniandikia, kama neno lake la "acha" linakuja na vitisho au mkono, basi niandikie tena kabla hujafanya lolote katika haya, au uliza zahanati wakuelekeze kwa afisa ustawi wa jamii.

Mama mkwe nitasema machache. Kwa mama wa pwani wa umri wake, tui zito ni heshima, na tui jepesi anaweza kulisoma kama umaskini au dharau. Si lazima sufuria nzima ibadilike. Sahani yako wewe inaweza kubadilika: nusu iwe mchicha, matembele au mboga nyingine, wali uchukue robo, samaki robo, na wali huo uwe umepikwa kwa tui la pili. Yeye mchukulie la kwanza. Chungwa la Muheza ule lenyewe badala ya kulikamua. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na zaidi, hiyo nadhani hata yeye hatakugombea ukiiacha. Kuhusu yale ya Idi, huenda siku moja utamwambia yalikuumiza. Huenda usimwambie. Yote mawili yanaheshimika.

Na usibebe peke yako lawama ya uvivu ambayo hata sikukulaumu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta zaidi ya robo ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Hao wote si wavivu. Kusimama kutwa kunachosha kweli, ila kuchoka na kuunguza nguvu ulizokula ni mambo mawili tofauti, ndiyo maana zile dakika za kutembea bado zinahitajika hata kwa mtu anayeamka saa kumi.

Jambo la mwisho uliliandika kama nyongeza, na mimi limenitia wasiwasi kuliko yote. Zahanati wanakuchoma sindano, kikundini wanakupima presha, na dukani unanunua diklofenaki, na sioni popote palipoandikwa kwamba kuna mtu mmoja anayeviona vyote vitatu pamoja. Diklofenaki ikitumiwa mara kwa mara inaweza kupandisha presha na kuumiza figo na tumbo. Sindano ya miezi mitatu, kwa baadhi ya wanawake, huongeza uzito. Usiiache ghafla, kwa umri wako mimba bado inaweza kuingia, lakini nesi anayekuchoma ajue una presha na unapambana na uzito, akueleze njia nyingine zilizopo. Muulize pia kama presha uliyonayo sasa inahitaji dawa au inatosha kuifuatilia. Kwa magoti kuna dawa zisizogusa presha kama hiyo, na kuna mazoezi ya misuli ya mapaja. Kilo zenyewe pia zinasaidia: imepimwa kwamba kila kilo moja unayopungua, goti hupunguziwa mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua.

Mambo ya wifi na mume yanaweza kuchukua muda wake, na huna haja ya kuyaamua wiki hii. Pakiti ya diklofenaki ibebe kesho uende nayo kwa nesi. Na siku yoyote ukihisi mdomo umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umeishiwa nguvu, ulimi umekuwa mzito au kifua kinabana, usingoje kliniki wala Jumamosi, nenda hospitali saa hiyohiyo.